Mtaro Huanza Kuchimbwa Katika Karatasi

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei mkulima mmoja mzee aliingia ofisini kwetu akiwa na mahindi machache katika kiganja cha mkono wake. Mahindi yale yalikuwa yameota vijimea vyeupe. Aliyaweka juu ya meza yangu akasema, "Bwana karani, mahindi haya hayakuota shambani. Yameota ghalani mwangu, ndani ya gunia. Mtaro mliochimba mwaka jana mlimchimbia nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ghala la mzee huyu liko chini ya soko la mji mmoja mdogo wa barani, na ni kweli kwamba mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umechimbwa hapo kwa fedha za wananchi. Kabla ya mtaro ule maji yalimfikia kila mvua kubwa. Baada ya mtaro ule yalimfikia kila mvua, kubwa na ndogo. Mji huo sitautaja jina, wala wakandarasi waliofanya kazi hapo, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Nataka wasomaji wajue namna kandarasi za mitaro na barabara za miji zitolewavyo, ili wapate kuuliza mapema swali ambalo mzee yule aliuliza akiwa amekwisha kupata hasara.

MTARO WA KWANZA ULIVYOHARIBIKA

Mtaro ule ulianza kituo cha mabasi, ukapita kando ya soko, ukateremka mpaka barabara ya murramu, na hapo ukakoma. Kutoka hapo mpaka kijitoni kulibaki mwendo mfupi tu, lakini fedha za mwaka ule hazikutosha kufika huko. Ikaandikwa kwamba sehemu iliyobaki itafanywa baadaye. Yaani tuliyakusanya maji yote ya mabati ya soko na ya kituo cha mabasi, tukayatengenezea njia nzuri, kisha tukayaachia mlangoni pa mzee.

Mimi niliiona ramani ile kabla ya kazi kuanza. Nilikuwa karani wa kuandika kumbukumbu za kikao, nikajiambia kwamba kazi ya karani ni kuandika yanayosemwa, wala si kuuliza yasiyosemwa. Hilo ni kosa langu katika habari hii, na silifichi.

Kosa la pili lilikuwa katika bei. Kila mkandarasi aombaye kazi hujaza orodha ndefu ya kazi na bei zake: kuchimba ni kiasi gani, kuchukua udongo ni kiasi gani, mawe, saruji, makalvati na kadhalika. Mkandarasi aliyepata kazi alikuwa na jumla ndogo kuliko wote. Lakini katika orodha yake aliweka bei kubwa kwa kuchimba na kuchukua udongo, ambazo ni kazi za mwanzo, na bei ndogo mno kwa mawe na saruji, ambazo ni kazi za mwisho. Alipomaliza kuchimba alilipwa vizuri. Alipofika kwenye mawe na saruji, kila siku ya kazi ilikuwa hasara kwake. Basi saruji ikapungua na mchanga ukazidi, vibarua wakapungua, mwisho mkandarasi mwenyewe hakuonekana tena. Mvua ya kwanza ilibomoa kuta za mtaro mahali pawili.

Na mambo hayo yote yalifanywa kwa haraka. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huisha tarehe 30 Juni, na ofisi nyingi, zikiona fedha za maendeleo hazijatumika, huanza kukimbia mwezi wa Aprili na Mei. Wakati huo ramani mbaya hupita kwa sababu hakuna nafasi ya kuchora nzuri.

SHERIA YASEMAJE

Kwanza yafaa tujue kazi hii ni ya nani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, yasema waziwazi kwamba mipango ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa ni kazi ya serikali za kaunti. Serikali hizo zilianza kazi mwaka 2013, zikachukua mahali pa mabaraza ya miji ya zamani. Miji mingine hupata pia msaada kutoka nje: mpango wa kusaidia miji uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 uliigusa miji 59 katika kaunti 45, na mitaro ya mvua ilikuwa mojawapo ya kazi zilizoruhusiwa. Hata hivyo, fedha zikiwa za kodi au za mkopo, mlipaji wa mwisho ni mwananchi.

Pili, Kifungu cha 227 cha Katiba hiyo hiyo chataka ununuzi wote wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani, na wenye gharama ya kufaa. Maneno hayo yalifafanuliwa katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, ambayo ilianza kutumika Januari 2016. Sheria hiyo yasema kwamba ofisi isianze kutafuta mkandarasi mpaka iwe na hakika kwamba fedha za kazi hiyo zimetengwa. Yakataza pia kuikatakata kazi moja vipande vipande kwa nia ya kukwepa njia iliyowekwa.

Tatu, watu wengi hudhani kwamba kandarasi hutolewa na mheshimiwa fulani, kwa hiyo huenda kubisha hodi nyumbani kwake usiku. Sivyo sheria isemavyo. Kuna kamati ya kufungua zabuni, yaani tenda kama wengi wasemavyo, na kuna kamati ya kuzipima. Kisha mkuu wa idara ya ununuzi huandika maoni yake, na mwenye kutoa kazi ni afisa aliyekabidhiwa dhamana ya fedha za ofisi ile. Gavana hana kura hapo, wala mwakilishi wa wadi hana. Mtu akikuambia kwamba atakupatia tenda kwa kuwa amjua mheshimiwa, ama anakudanganya wewe au anakusudia kuivunja sheria.

SIKU YA KUFUNGUA ZABUNI

Mwaka uliofuata fedha zilitengwa tena. Safari hii mkutano wa wananchi uliitishwa mapema, na mzee wetu alisimama akasema maneno machache. Alisema kwamba yeye hakusoma uhandisi, lakini akitaka kupeleka maji shambani huanza kuangalia yatakakokwenda kutokea, ndipo aangalie yatokako. Injinia, kwa heshima yake, hakukasirika. Alikubali kwamba mtaro huchimbwa kutoka chini kwenda juu, ili mvua ikikuta kazi haijaisha maji yawe na njia ya kutoka. Ramani ikabadilishwa: kazi ianzie kijitoni.

Tangazo likatolewa. Lilitaka wakandarasi walioandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo hupanga wakandarasi katika madaraja manane. La 1 ni la kazi kubwa kabisa na la 8 ni la kazi ndogo. Zabuni zililetwa katika bahasha zilizofungwa, zikatiwa sandukuni. Saa iliyotajwa ilipofika sanduku lilifungwa, na mara hiyo hiyo likafunguliwa mbele ya watu. Mkandarasi mmoja alifika dakika chache baadaye akiwa anatoka jasho, na bahasha yake haikupokelewa. Alilaumu barabara, akalaumu gari. Lakini saa ni saa.

Sheria yawapa wakandarasi haki ya kuhudhuria wakati huo. Katika ofisi yetu mlango uliachwa wazi, na mzee akaketi nyuma. Jina la kila mkandarasi lilisomwa kwa sauti, na bei yake ikasomwa. Wanakamati wakatia sahihi katika kila zabuni, na alama kando ya kila bei, ili mtu asije akabadilisha karatasi usiku.

Hapo likatokea jambo. Mkandarasi mmoja, baada ya kusikia bei za wenzake, alisimama akasema kwamba amekosea hesabu. Kurasa zake zikijumlishwa vizuri jumla ingekuwa ndogo zaidi. Mwenyekiti alimjibu kwamba kwa sheria ya 2015 bei iliyosomwa wakati wa kufungua ni ya mwisho na haisahihishwi. Wengine waliona huo ni ukali. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akaniambia baadaye, "Hata mnadani, neno likishatoka halirudi. Kama kila mtu angeruhusiwa kujumlisha upya baada ya kuwasikia wenzake, sanduku lingekuwa na kazi gani?"

BEI NDOGO NA BEI YA KWELI

Kamati ya kupima ina siku 30, zisizidi. Kazi yake ya kwanza ni kuangalia kama kila zabuni ina kila kitu kilichotakiwa: vyeti, dhamana, sahihi. Zabuni iliyopungukiwa na jambo la lazima huwekwa kando hata kama bei yake yapendeza. Kisha huangaliwa uwezo: mashine, mafundi, na kazi zilizofanywa zamani. Mwisho huangaliwa bei, na mwenye bei ndogo kuliko wote katika hao waliopita hupewa kazi.

Angalia maneno hayo, "katika hao waliopita." Katika mji wetu aliyeshinda alikuwa wa tatu kwa bei. Wa kwanza hakuleta dhamana ya zabuni. Wa pili hakuwa wa daraja lililotakiwa. Mjini watu walianza kunong'ona: mbona aliye rahisi ameachwa? Lazima kuna mlungula! Sishangai kwamba walinong'ona, maana mlungula upo, na nchi yetu imeuona mara nyingi. Lakini minong'ono haimkamati mwizi. Yafaa mtu aombe sababu zilizoandikwa. Sheria yataka mkandarasi aliyekosa aandikiwe kwamba amekosa na aelezwe sababu, na kumbukumbu za kazi ziwekwe kwa miaka isiyopungua 6 baada ya kandarasi kwisha.

Ili wasomaji waelewe ulinzi uliomo katika sheria, tuseme kazi fulani ni ya shilingi 10,000,000. Dhamana ya zabuni, ambayo huzuia watu wasio na nia, haizidi asilimia 2 ya makadirio, yaani shilingi 200,000. Mshindi naye aweza kutakiwa kuweka dhamana ya kutimiza kazi isiyozidi asilimia 10, yaani shilingi 1,000,000. Akiikimbia kazi, fedha hizo zachukuliwa. Bei haiwezi kuongezwa ndani ya miezi 12 tangu kutia sahihi. Na mabadiliko yote ya kazi yakijumlishwa hayawezi kuipandisha gharama kwa zaidi ya asilimia 25, yaani shilingi 2,500,000. Basi ukisikia kwamba kazi ya milioni 10 imefika milioni 15, usiseme "ndivyo dunia ilivyo." Uliza ni nani aliyetia sahihi.

MVUA HAISOMI SHERIA

Baada ya barua za kushinda na kushindwa kutumwa, kandarasi haitiwi sahihi mpaka siku 14 zipite. Siku hizo ni za mtu aliyekosa kupeleka malalamiko yake kwenye Bodi ya Kupitia Malalamiko ya Ununuzi wa Umma, huko Nairobi. Bodi ina siku 21 za kuamua. Asiyeridhika aweza kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45, na baada yake Mahakama ya Rufani, siku 45 nyingine.

Mmoja wa walioshindwa alilalamika. Ilikuwa mwezi wa Februari. Kazi ikasimama, na mawingu ya masika yakaanza kuonekana. Mzee akaja tena ofisini. "Bwana karani," akasema, "mvua haisomi sheria. Mpeni mtu kazi, aanze kesho, hao wengine mtazungumza nao baadaye."

Naungama kwamba nilivutwa na maneno yake. Mtu mwenye magunia 40 chini ya paa moja hawezi kuhesabu siku 21 kama karani azihesabuvyo. Lakini nilimkumbusha mtaro wa kwanza. Nilimwambia, "Mzee, ule wa kwanza ulitolewa haraka, bila mtu kulalamika wala kuuliza, na ndio uliokuotesha mahindi. Leo tukimnyamazisha mwenye kulalamika, kesho atanyamazishwa nani?" Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Na magunia yangu, nayo yangoje?" Sikumjibu, maana jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Bodi ilisikiliza, ikayatupa malalamiko yale ndani ya siku zake. Kandarasi ikatiwa sahihi, na mkandarasi akaanza kijitoni kama ramani ilivyotaka. Masika yalimkuta yuko nusu ya njia. Maji yaliingia ghalani mara moja, kimo cha upana wa kiganja, na mzee akapoteza magunia ya chini. Mwaka uliofuata mtaro ulikuwa umekwisha, na ghala likakaa kavu.

MTARO SI KABURI LA TAKATAKA

Lakini kandarasi ya kujenga ni nusu tu ya kazi. Wasomaji watakumbuka mvua za Machi mpaka Mei mwaka 2024, zilizoua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yalikuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilizibwa na magogo, mawe na udongo. Tuta likapasuka, na makumi ya watu wakafa wakiwa usingizini. Njia ya maji isiyosafishwa ni hatari kuliko mahali pasipo na njia, kwa kuwa watu huiamini.

Kwa hiyo kandarasi ndogo za kusafisha mitaro zisidharauliwe. Sheria yataka asilimia 30 ya kazi za ununuzi wa Serikali itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kusafisha mitaro ni kazi ambayo kikundi cha vijana wenye majembe na toroli waweza kuifanya vizuri, wakijiandikisha na kujaza karatasi sawasawa.

MWANANCHI AFANYE NINI

Kwanza, ahudhurie mkutano wa bajeti. Huko ndiko huamuliwa kama mtaro utafika kijitoni au utakomea mlangoni pa mtu.

Pili, aulize ramani, na swali lake la kwanza liwe: maji yatatokea wapi?

Tatu, asome matangazo. Agizo la Rais Nambari 2 la mwaka 2018 lilitaka ofisi za umma zitangaze majina ya waliopata kandarasi na bei zao.

Nne, aandike barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba kumbukumbu za ofisi ya umma, na ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mwananchi asiyeomba kandarasi hana nafasi mbele ya Bodi ya malalamiko, lakini barua yake ina nafasi. Akiona dalili za wizi, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea habari, na taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Fedha za Serikali zaweza kusomwa na kila mtu.

Tano, atazame kazi ikifanywa. Saruji ikiwa kidogo, wa kwanza kujua ni mtu apitaye hapo kila siku kwenda sokoni.

Mwaka 2025 Serikali ilianza kutaka zabuni zipitishwe katika mtambo wa kompyuta badala ya bahasha, na jambo hilo likabishaniwa mahakamani. Lakini hata zabuni ikija kwa kompyuta, haiwezi kuuliza maji yatatokea wapi. Hilo ni la binadamu kuuliza, naye aweza kuwa mkulima, au hata karani.

Mwezi wa Juni wa mwaka ule wa ghala kavu, mzee alikuja ofisini mara nyingine. Nilitazama mikono yake. Haikuwa na mahindi. "Bwana karani," akasema, "mtaro ni mzuri. Sasa nionyeshe mahali palipoandikwa fedha za kuusafisha mwaka ujao." Nilimfungulia kitabu cha makadirio, tukatafuta pamoja, ukurasa baada ya ukurasa. Fedha hizo hazikuwamo. Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilichukua kalamu, nikaandika barua kwa mkuu wangu siku ile ile, na mzee akangoja mpaka nilipoitia muhuri.